Ukingoni mwa Shimo la Udongo

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, na huikumbuka kwa mwili kuliko kwa kichwa. Hata sasa ninapokusimulia, nimeketi salama na kikombe changu cha chai mkononi, mbavu zinakaza kidogo. Ukiona nasitasita, nivumilie. Kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyasema kwa haraka.

Mimi ni mfinyanzi. Jina langu ni Njoki, ingawa siku hizi hata watu wazima huniita Shosho, yaani bibi. Nimefinyanga vyungu na mitungi Gatongora tangu enzi ambazo palipo na maghorofa palikuwa na mibuni ya kahawa. Udongo wangu wote nilikuwa nauchota bondeni, karibu na mto, kwenye shimo lililo katika shamba la mzee mmoja aliyeturuhusu kuchimba mradi tusikanyage nyasi zake za ng'ombe. Tulibaki wafinyanzi wawili tu, mimi na mwenzangu Wangari. Huyo Wangari ni mwanamke mrefu, si wa maneno mengi, na tumefanya kazi pamoja tangu watoto wetu wakiwa wa kubebwa mgongoni.

Basi asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, ikakatika kulipopambazuka. Tukashuka bondeni kama kawaida. Udongo mzuri, mwanangu, haukai juu. Uko chini ya ule mweusi wa shamba. Ni wa kijivu, na ukiuminya unateleza kama sabuni. Kwa miaka mingi tulikuwa tumeufuata ulikoelekea, tukachimba tukiingia ndani ya ukuta wa shimo, hata pakawa kama pango. Niliinama nikaingia. Wangari alikuwa huko juu akitandaza magunia.

Watu wakiniuliza hudhani kulikuwa na kishindo. Hakikuwapo. Nilisikia sauti ndogo, kama mtu anayeshusha pumzi nyuma ya shingo yangu, halafu ukaja uzito.

Nilifunikwa mpaka kidevuni. Mkono mmoja ulikuwa nje, wa pili sikujua uko wapi. Udongo mbichi ni mzito kupita unavyoweza kuwaza. Ukitoa pumzi unashuka na kujaza pale kifua kilipokuwa, na ukitaka kuvuta tena unakuta nafasi imekwisha. Kila pumzi ilikuwa ndogo kuliko iliyoitangulia. Nilitaka kumwita Wangari. Mdomo ulifunguka, sauti ikakataa.

Lakini alikuwa ameona. Aliruka ndani ya shimo lile lile, huku ukuta ukiendelea kumomonyoka, akaanza kunifukua kwa kucha.

"Njoki! Usifunge macho! Wewe Njoki, niangalie mimi!" Kisha akainua uso akapiga ukemi ambao sijawahi kuusikia tena kwa mtu yeyote. "Uuuwi! Mtu anakufa huku!"

Wanaume waliokuwa wakichonga mawe ng'ambo ya bonde walikuja mbio na mabeleshi. Wangari aliwazuia wasiyatumie karibu na kichwa changu. Alichimba pale mwenyewe, kwa mikono, hadi vidole vikatoka damu. Waliponivuta nje mguu ulikuwa umevunjika na mbavu pia. Nilikuwa hai. Hivyo ndivyo kila mtu alivyoniambia hospitalini Thika: Shosho, shukuru, uko hai. Nami nilishukuru, mwanangu. Sikujua kuwa kuna sehemu yangu iliyobaki kule chini.

Binti yangu Wanjiku hufanya kazi kiwandani Thika na anakaa Mwiki na mume wake. Nilipotoka hospitali alinipeleka kwake moja kwa moja.

"Mum, ile kazi imeisha," aliniambia, akiwa amejiandaa kwa vita. "Usiniambie ati unarudi. Utakaa na sisi."

"Sawa," nikamjibu.

Alinikodolea macho. Alikuwa amezoea mama mbishi. Hakujua kwamba ubishi wote ulikuwa umenitoka, na mahali pake kumeingia hofu.

Nikueleze hofu hiyo ilivyokuwa, kwa sababu huenda nawe unayo yako na unadhani uko peke yako. Nyumba ya Wanjiku iko ghorofani. Lori likipita barabarani vikombe vinalia kabatini, nami nilikuwa nikisikia vikombe nashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Mvua ikinyesha nahamia kiti kilicho karibu na mlango. Ng'ambo walikuwa wakichimba msingi wa jengo, na upepo ukileta harufu ya udongo mbichi jasho linanitoka hata kama ni asubuhi ya baridi. Wanjiku alikuwa na ua kwenye kopo hapo kibarazani. Nilimwambia ampe jirani kwa sababu linavuta mbu. Uongo mtupu. Nilikuwa siwezi kuutazama ule udongo ndani ya kopo.

Jumapili kanisani nilisimama nikatoa ushuhuda jinsi Mungu alivyoniokoa, watu wakapiga makofi. Niliketi chini. Nilijiambia, hawa wanampigia makofi mtu aliyetoka shimoni, na mimi bado nimo.

Mume wa Wanjiku ni kijana mwema. Siku moja aliniletea udongo uliokwisha kutayarishwa, umefungwa vizuri kwenye plastiki. "Shosho, huu hauna shida," akasema. "Hakuna shimo hapa." Nilimshukuru. Nikangoja waende kazini, nikaketi sakafuni, nikafungua. Sasa, kazi ya kwanza ya mfinyanzi ni kuukanda udongo. Unauegemea kwa uzito wako wote, viganja vinazama, ili hewa yote iliyojificha itoke. Viganja vyangu vilizama mpaka kwenye vifundo, nikahisi udongo unanikaba vidole. Nikavichomoa. Nikajaribu tena, nikavichomoa tena. Mwishowe nilifinyanga mabakuli machache kwa ncha za vidole, juu juu, bila kukanda, kama mtu anayeshika kaa la moto.

Ulipokauka ule udongo nilimpelekea Wangari mabakuli hayo ayachome pamoja na vyungu vyake. Alinipigia simu kesho yake.

"Vimepasuka, Njoki."

"Vyote?"

"Na vyangu vilivyokuwa karibu navyo. Lakini usijali. Nitatengeneza vingine."

Hewa niliyoogopa kuitoa ilikuwa imepata moto ikalipuka, ikaharibu kazi ya mtu aliyenifukua kwa kucha. Hapo nikasema, basi. Nimekuwa mtu wa kuwaharibia wengine. Nikamwambia Wanjiku auze gurudumu langu la kufinyangia kwa yeyote atakayelitaka.

Lilikuwa limebaki jambo moja. Aliyenifundisha ufinyanzi ni shangazi yangu, Tata Wairimu, dada mdogo wa baba. Bado yu hai, anakaa Makongeni, Thika, na umri wake hakuna anayeujua vizuri, hata yeye. Nilipelekwa kwake nikiwa msichana mdogo. Alikuwa mkali. Ukiweka mpini vibaya anaung'oa bila neno na kukurudishia chungu. Na alikuwa na desturi moja niliyoiheshimu sana. Tukishapanga vyungu na kuni, kabla ya kiberiti kuwashwa alikuwa anageuka, anaupa moto mgongo, anasimama kimya akitazama barabara hadi kuni zishike vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa nawasha. Niliamini ni adabu ya kazi, kitu walichopokea kutoka kwa wazee wao. Sikuwahi kumuuliza. Nilipoanza kazi yangu mwenyewe nikafanya vile vile, na Wangari nikamfundisha hivyo.

Basi nilikwenda Thika kumuaga. Kumuaga kama mfinyanzi, yaani. Nilitaka anipe ruhusa, nadhani. Nilimkuta ameketi kwenye kitanda chake cha kamba, chai mbele yake, anakoroga sukari.

"Tata, nimeacha," nikamwambia.

"Umeacha sukari? Ni vizuri. Mimi daktari ananisumbua."

"Nimeacha kufinyanga!" Ilinibidi nipaze sauti, maana masikio yake yamechoka.

Aliendelea kukoroga. "Mguu umekataa?"

"Mguu uko sawa. Ni mimi, Tata. Naogopa."

Nilikuwa sijamwambia mtu neno hilo. Nilingoja anihurumie. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba nje kuna jua.

"Ni kitu gani ulifikiri nilikuwa nafanya nikigeuka moto ukiwashwa?"

"Si ni heshima? Heshima ya kazi?"

"Heshima gani?" Akacheka mpaka akakohoa, ikabidi nimshikie kikombe. Kisha kicheko kikaisha. "Nilikuwa naogopa, Njoki. Nikiwa msichana moto uliruka ukashika nguo ya mama yangu. Niliona. Tangu siku hiyo siwezi kuangalia moto ukiwashwa. Hata jiko. Hata kiberiti. Nilikuwa nageuka mpaka moyo utulie, halafu narudi kazini."

"Miaka yote hiyo? Hukuniambia!"

"Ulikuwa mtoto. Ungenisaidia nini? Ulikuwa unawasha, hiyo ilitosha." Alininyang'anya kikombe chake. "Na wewe sasa unangoja nini? Unangoja iishe? Mimi niangalie vile nimezeeka. Haijaisha. Kunywa chai, inapoa."

Tukanywa. Nilikuwa nimekuja kufungiwa mlango kwa upole, na huyu mzee alikuwa ameuacha wazi kabisa akirudi kwenye sukari yake. Nilitaka kukasirika. Ndipo akauliza, kama mtu anayeuliza habari za jirani:

"Na huyo mwenzako mrefu, bado anachimba?"

"Anachimba."

"Na nani?"

"Peke yake."

"Na juu ni nani anasimama?"

Mwanangu, sikuwa nimejiuliza swali hilo. Nilikuwa nimekaa Mwiki na hofu yangu miezi yote hiyo, nikiipangusa vumbi kila siku, na Wangari anaingia kwenye shimo lile lile bila mtu wa kupiga ukemi. Nikaweka kikombe chini. Kulikuwa na hofu mpya sasa, na ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza.

Kesho yake nilishika fimbo yangu nikarudi Gatongora. Kushuka bondeni kulinichukua muda mrefu. Nilipokaribia niliona magunia yametandazwa, na malapa ya Wangari kando, na hakuna mtu. Nikashika nguzo ya ua wa shamba.

"Wangari!"

Nikaita tena.

"Wangari!"

"Nani huyo?" Sauti ilitoka chini ya ardhi.

"Ni mimi, Njoki. Siwezi kushuka. Lakini nitasimama hapa."

Kisha nikasikia jembe lake likiendelea. Hakusema karibu, hakusema pole, hakuniuliza najisikiaje. Lakini baadaye alipopanda na gunia mgongoni alipita karibu nami, akanigusa bega.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Nilisimama ukingoni nimeshika nguzo, natetemeka, naangalia ardhi. Wanjiku alipogundua nakwenda wapi alilia.

"Mum, unataka nini? Mimi ndiye nilikuona hospitalini, sio wewe. Hujui ulikuwa unaonekana aje!"

"Nilikuwa ndani ya shimo, Wanjiku. Najua."

"Basi kwa nini unarudi?"

"Ni nani alinitoa?"

Alikwenda chumbani akafunga mlango, nikadhani tumekosana. Lakini asubuhi niliikuta filimbi kando ya kikombe changu, ya aina ile ya walinzi wa kiwandani, imefungwa kamba ya kuvaa shingoni. "Sauti yako imekuwa ndogo siku hizi," akasema bila kuniangalia. "Kama ni lazima uende, vaa hiyo."

Siku filimbi ile ilipohitajika ilikuwa ya jua, na hilo ndilo linalonitisha zaidi, maana tulidhani jua ni usalama. Wangari alikuwa ameingia chini ya ukuta, namwona visigino tu. Mimi nilikuwa nikitazama nyasi za ukingoni. Nikaona mstari. Ulikuwa mwembamba kama uzi, ukipita katikati ya nyasi, na mizizi midogo ilikuwa imevutika toka upande mmoja hadi mwingine. Mstari ule haukuwapo nilipofika.

Nilijua. Na mwili ukaganda. Filimbi niliitia mdomoni nikapuliza, na hapakutoka kitu, mwanangu, mate tu. Kifua kilikuwa kimefunga kama siku ile. Nilikuwa tena chini ya udongo, nimefungua mdomo, sina sauti. Nakwambia ukweli, sikujipa moyo wala sikukumbuka neno lolote la busara. Niliona vile visigino. Nikapuliza tena kwa kila kitu kilichokuwa tumboni mwangu.

Ililia. Visigino vikarudi nyuma. Wangari alitoka akitambaa kinyumenyume, ameliacha jembe, akapanda upande wa pili kwa mikono na miguu. Alikuwa bado hajasimama sawasawa ukuta uliposhuka. Ile sauti ndogo, kisha vumbi.

Tuliketi kwenye nyasi za yule mzee, tukizilalia kabisa, hatukujali. Wangari alitetemeka hata meno yakagongana. Mwishowe akasema, "Jembe la baba Karanja limebaki huko." Ni la marehemu mume wake.

"Liache," nikamwambia.

"Nimeliacha." Akajifuta uso kwa leso. "Hapa hatuingii tena chini ya ukuta. Mimi na wewe. Hata udongo ukiwa mzuri vipi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Tulizungumza na mwenye shamba, tukawaomba wale wachonga mawe watusaidie kuuondoa udongo mweusi kutoka juu, wakaukata ukingo uwe ngazi pana, pasiwe na paa la kuanguka. Kazi ilikwenda polepole. Majirani walisema hawa shosho wawili wamerukwa na akili, si wapumzike. Lakini safari hii udongo wa kijivu ulitokea chini ya anga, jua likiupiga. Nilishuka hadi ngazi ya kwanza. Nikapiga magoti. Nikachota.

Nilipoukanda mikono ilitaka kukimbia, nikageuza uso. Nilitazama barabara moyo ukatulia, kisha nikauegemea udongo kwa uzito wangu wote. Chungu kilichotoka kilikuwa na mdomo mnene, kimeinama upande mmoja kama mtu anayesinzia ibadani. Tata angeking'oa mpini. Lakini kilitoka motoni kizima, na nilipokigonga kwa ukucha kililia vizuri, nami nikaketi chini nikalia nacho.

Wanjiku hakuwa ameliuza gurudumu. Alikuwa amelificha nyuma ya kabati akingoja, mjanja yule. Siku hizi nakaa kwake Mwiki na asubuhi naenda Gatongora kufinyanga. Hawa watu wa nyumba mpya wanapenda vyungu vya maua, nasi tunawatengenezea. Mvua ikinyesha bado nahamia kiti cha karibu na mlango. Ngazi ya chini kabisa sijawahi kuikanyaga, na sidhani nitaikanyaga. Wangari huchota kule, mimi nachota huku juu, na hakuna anayemcheka mwenzake.

Sasa nikwambie nilichokuitia, mwanangu. Ukiangushwa na jambo, usijiwekee ahadi kwamba utarudi siku hofu itakapoondoka. Unaweza kungoja mpaka uzeeke. Rudi nayo. Ikikulazimu kugeuza uso kidogo, geuza, kisha fanya kazi. Lakini isikilize pia, maana mara nyingine inasema kweli. Sisi ilituambia ule ukuta ni mbaya, na lau tungekuwa nayo mapema mguu wangu usingevunjika. Itaje kwa mtu. Mimi niliificha hata kwa mtoto wangu, na kimya hicho ndicho kilichonichosha kuliko maumivu. Na siku utakapojiona huna nguvu hata ya kujisaidia mwenyewe, tazama ni nani mwingine yuko mahali pabaya bila mtu wa kumwangalia, uende ukasimame karibu naye. Mimi sikurudi kwa sababu nilipenda vyungu. Mapenzi ya vyungu yalikuja baadaye, nyuma ya Wangari.

Nenda salama, mtoto wangu. Mungu akupe watu watakaokuita kwa jina lako ukiwa umekwama, na akupe pumzi ya kuwaita wao. Mikono yako isikose kazi, hata ikitetemeka. Na uzeeke vizuri, ukiwa bado na kitu cha kuamkia asubuhi.